SVN na Git zimeachana njia? Soma dalili kwanza, kufuta baadaye

Usifute kitu kwanza. Najua mkono unavyowasha, una mifumo miwili inayotunza historia ya kodi ile ile, SVN na Git, na daraja linalopeleka kazi kati yao, asubuhi unakuta SVN iko revisheni (badiliko lenye namba) 8412 na Git imegoma kwenye 8397, watu wanauliza mbona kazi zao hazionekani, na kichwani linakuja wazo moja tu, futa ripo (ghala la kodi) ya daraja, kloni upya, yaani nakili historia yote tena, tumalizane. Mi nimeshafanya hivyo mara mbili. Mara ya kwanza ilikula mchana na usiku wake maana `git svn clone` inavuta revisheni moja baada ya nyingine tangu ya kwanza kabisa, mara ya pili ilienda vizuri tu ila ilipoisha heshi zote, yaani vitambulisho vya kila badiliko, zikawa tofauti na zile watu walizonazo kwenye mashine zao, yaani kila aliyejaribu kuvuta akaambiwa historia hizi mbili hazijuani. Tangu siku ile nasoma dalili kabla ya kushika panga.

Naongelea SVN upande mmoja na Git upande wa pili, daraja likiwa `git svn`, kwa sababu ndio mchanganyiko ninaoushika kila siku. Mwenye Perforce ana `git p4`, mwenye Mercurial ana hg-git, amri zinatofautiana lakini magonjwa ni ndugu. Na kama skripti yako ilikuwa inasoma ripo za GitHub kwa kutumia svn ya kawaida halafu ghafla ikafa, usitafute mchawi, GitHub waliizima njia hiyo tarehe 8 Januari 2024.

## Kumbukumbu ya daraja inakaa wapi

SVN inahesabu komiti (badiliko lililohifadhiwa) kwa namba, moja mbili tatu, kwa ripo nzima. Git haina namba, ina heshi ya herufi 40 inayopikwa kutokana na kila kitu: mafaili, jina la mwandishi, saa, ujumbe, na heshi ya komiti iliyotangulia. Kazi yote ya daraja ni kukumbuka namba fulani ni heshi ipi, basi. Na kumbukumbu hiyo ipo sehemu mbili. Ya kwanza ni mstari wa mwisho kwenye ujumbe wa kila komiti iliyotoka SVN:

```
git-svn-id: https://svn.example.org/mradi/trunk@8397 (hapa UUID, yaani kitambulisho cha ripo)
```

Ya pili ni faili linaloanza na `.rev_map.` ndani ya `.git/svn/refs/remotes/svn/trunk/` (trunk ni tawi kuu la SVN), ambalo si maandishi, ni rekodi za baiti 24, nne za namba na 20 za heshi. Sasa shika hili: faili la ramani likipotea linajengwa upya kutoka kwenye ile mistari. Mistari ikipotea hakuna cha kujengea. Ndio maana ile opsheni ya `--no-metadata` inayofanya ujumbe uonekane msafi ni ya kuhama moja kwa moja tu, kwa daraja la kudumu ni sumu, na anayeitumia huwa hajui mpaka siku ramani inapoharibika.

Kwa hiyo kabla ya chochote piga hizi tatu, hazibadilishi kitu:

```
git svn info
git log --grep='^git-svn-id:' --first-parent -1
git svn dcommit --dry-run
```

Ya kwanza inakwambia daraja linadhani liko wapi. Ya pili inakuonyesha komiti ya SVN iliyo karibu kabisa nyuma yako. Ya tatu, dcommit ndiyo amri ya kutuma SVN na `--dry-run` inaizuia isitume kweli, inachapisha anwani ya SVN ambako komiti zako zingeenda kama ungetuma sasa hivi. Hiyo ya tatu ingeniokoa aibu kubwa, nakuja huko.

## "Unable to determine upstream SVN information from working tree history"

Hii ndio inayotisha watu kuliko zote na mara nyingi ni ndogo. Maana yake git-svn imetembea nyuma kutoka HEAD (komiti uliyosimama juu yake), ikifuata mzazi wa kwanza tu wa kila komiti, ikitafuta mstari unaolingana na ramani yake, ikafika mwisho mikono mitupu.

Sababu ninayokutana nayo zaidi: mtu amekloni kutoka seva ya Git kwa `git clone` ya kawaida, halafu anataka kutuma SVN. Mistari anayo, ila mashine yake haina habari za SVN kabisa. Hapa ndipo watu wanaanza kloni upya ya siku nzima bure, wakati unaweza kuipa ripo iliyopo habari inazokosa:

```
git svn init -s --prefix=svn/ https://svn.example.org/mradi
git update-ref refs/remotes/svn/trunk refs/remotes/origin/main
git svn fetch
```

Utaona inaandika `Rebuilding` na namba zinapita mbio, hizo haivuti kwenye mtandao, inasoma mistari iliyomo tayari. Dakika chache imeisha. Anwani iandike herufi kwa herufi kama ilivyo kwenye mistari, `http` na `https` kwake ni vitu viwili.

Na hiyo `--prefix=svn/` usiiache. Tangu Git 2.0 git-svn inaweka marejeo yake chini ya `origin/` bila kuulizwa, na rimoti yako ya Git (seva unayovuta na kupushi) nayo kwa kawaida inaitwa `origin`, sasa siku mtu akipiga `git fetch --prune` Git inaangalia seva, inaona kule hakuna tawi linaloitwa trunk, inafyeka `origin/trunk` kimya kimya. Kesho yake daraja limekufa na hakuna aliyegusa kitu. Mi hii ilinisumbua wiki nzima kwa sababu ilikuwa inatokea siku fulani tu, kumbe ni mwenzetu mmoja mpenda usafi.

Sababu nyingine ni seva ya SVN kuhamishwa anwani. Usibadilishe `url` peke yake, mistari yote ya zamani ina anwani ya zamani. Weka `url` mpya na uongeze ya zamani kama `rewriteRoot`:

```
git config svn-remote.svn.url https://svn-mpya.example.org/mradi
git config svn-remote.svn.rewriteRoot https://svn.example.org/mradi
```

Inavuta kutoka kupya lakini inaandika na kusoma mistari kwa jina la zamani, heshi hazisogei. Kama waliohamisha walibadilisha na UUID ya ripo, kuna `rewriteUUID` ya hivyo hivyo.

Na kama kuna mtu aliona ile mistari ni uchafu akaisafisha kwa kuandika upya historia, hapo pole, tafuta kloni ya mtu ambaye hajavuta bado.

## dcommit imepita vizuri, ila kazi imeingia tawi lingine

Aibu yangu ndio hii. Sehemu moja niliyofanya kazi tulikuwa na trunk ya majaribio na tawi la toleo lililokuwa linaenda kwa wateja. Nikarekebisha bagi kwenye toleo, nikarudi `master` ambayo inafuata trunk, nikapiga `git merge toleo`. Trunk ilikuwa haijaguswa tangu tawi lianze, kwa hiyo Git ikafanya ile ya kusogeza mbele tu, bila kuunda komiti ya muunganiko. Sikuona tatizo, nani angeona. Nikafanya kazi siku mbili kwenye `master`, vitu vya majaribio vibichi kabisa, nikapiga dcommit, ikaandika Committed Committed Committed. Zote ziliingia kwenye tawi la toleo. Tuligundua bildi ya mteja ilipoanza kuonyesha menyu ambayo haikuwa na kitu ndani.

Kilichotokea: dcommit haiangalii jina la tawi lako. Jina `master` kwake si kitu. Inaangalia ule mstari wa git-svn-id wa karibu kwa upande wa mzazi wa kwanza, na baada ya kusogezwa mbele, mstari wa karibu kwenye `master` yangu ulikuwa unasema `branches/toleo`. Ikatii.

Kinga yake ni kuunganisha kwa `git merge --no-ff` siku zote, au uweke `git config merge.ff false` kwenye ripo za daraja usahau, na kabla ya kutuma `git svn dcommit --dry-run` usome anwani kwa macho yako. Ikishatokea, usijaribu kuandika upya upande wa SVN, kule kilichoingia kimeingia. Kwenye tawi la toleo fanya `git revert` ya kila komiti iliyopotea njia, tuma, halafu `master` irudishe kwa `git reset --hard svn/trunk` na ulete zile komiti kwa `git cherry-pick`.

Halafu ujue kwamba muunganiko unaoutuma SVN unafika kama komiti moja iliyofinywa. Kwako utauona una wazazi wawili, kwa mwenzako atakayevuta kutoka SVN una mmoja. Ndio maana nyaraka zenyewe za git-svn zinashauri kila mtu avute na kutuma moja kwa moja SVN na waache kupeana kazi kati ya Git na Git, ushauri mzuri ambao hakuna timu niliyoiona inaufuata.

## Kila komiti imejirudia mara mbili

Ujumbe ule ule, mwandishi yule yule, heshi mbili. Ukiona hivi ujue kuna sehemu mbili zinaandika tawi moja.

Fuatilia taratibu. Asha anapushi komiti kwenye `main` ya seva ya Git, ina heshi a1. Daraja linaichukua, linaituma SVN, inakuwa revisheni 8413, na baada ya hapo git-svn inaivuta tena kutoka SVN ikiwa na ule mstari wa git-svn-id, na saa ya SVN. Ujumbe umebadilika, heshi inabadilika, sasa ni b7. Daraja linataka kupushi b7 kwenye `main` ila `main` ina a1, inakataliwa, na aliyeandika skripti zamani akaweka pushi ya nguvu ili kelele ziishe. Asha kesho anapiga `git pull`, Git inaona a1 yake na b7 ya seva kama vitu viwili tofauti, inaunganisha, anapushi, daraja linachukua tena. Mzunguko huo, na ukiwa umefunga na skripti ya SVN inayoamsha Git na ya Git inayoamsha SVN unaweza kuukuta usiku mzima unajizungusha.

Hakuna opsheni ya kutibu hii, inabidi uamue nani anaandika `main`. Kwangu jibu ni daraja peke yake. `main` kwenye seva ya Git inafungwa, hakuna binadamu anayepushi. Watu wanapushi kwenye tawi la mapokezi, liite `mapokezi` ukitaka, daraja linachukua huko, linatuma SVN, linavuta, linapushi matokeo kwenye `main` bila nguvu yoyote kwa sababu `main` haijawahi kuwa na kitu kingine. Pushi ya nguvu ikihitajika kwenye `main` hata mara moja maana yake kuna mtu amepita dirishani.

Watu nao wavute kwa `git pull --rebase`, sio `git pull` tupu. Git ikiziweka komiti zako upya juu ya `main` inalinganisha mabadiliko yenyewe, ikikuta a1 na b7 zimebeba kitu kile kile inaitupa a1. Ndio namna ya kumsafisha Asha pia.

Na usitumie `git push --mirror` kutoka ripo ya daraja. Neno mirror, yaani kioo, linavutia, lakini inafuta kule upande wa pili kila tawi ambalo daraja halina, pamoja na `mapokezi` na kazi za watu zilizomo. Taja tawi moja moja, `kioo` hapa ni jina tu la rimoti ya seva ya Git:

```
git push kioo refs/remotes/svn/trunk:refs/heads/main
```

## Wawili tumekloni SVN moja, heshi hazifanani

Hii ndio iliyonipata mara ya pili niliyofuta. Kimsingi kloni mbili za SVN moja zinatakiwa zitoke na heshi sawa kabisa, git-svn haiongezi kitu cha bahati nasibu, saa na mwandishi vinatoka SVN. Zikitofautiana kuna ingredienti moja tofauti, na unaweza kuiona kwa macho. Chagua revisheni moja, kila mmoja atafute heshi yake kwa `git svn find-rev r100 svn/trunk`, kisha:

```
git cat-file -p HESHI
```

Mtapata mistari michache, weka za wawili pembeni kwa pembeni. Mstari wa `tree` ukilingana, mafaili ni yale yale, pumua, hakuna kazi iliyopotea. Kisha shuka. Mstari wa `author` ukitofautiana, hamtumii faili moja la majina (linalogeuza jina la SVN kuwa jina na barua pepe za Git), au mmoja alibadilisha barua pepe ya mtu katikati. Saa ikiwa na +0300 kwa mmoja na +0000 kwa mwingine, mmoja alitumia `--localtime`. Git-svn-id ikiwa na `svn+ssh` huku na `https` kule, hiyo ndio. `parent` tu ikitofautiana, tofauti ilianzia nyuma zaidi, rudi revisheni za mwanzo.

Kwangu ilikuwa anwani, daraja lilikuwa linasoma kwa `file://` ndani ya seva yenyewe kwa ajili ya spidi, na watu walikuwa na `https`. `--rewrite-root` ingemaliza, ila iwekwe kabla ya kuvuta revisheni ya kwanza.

## "Author: fulani not defined in wadau.txt file"

Mtu mpya kaajiriwa, kakomiti SVN, hayumo kwenye faili la majina. Daraja linasimama hapo hapo. Ongeza mstari `fulani = Jina Kamili <barua@example.org>`, piga `git svn fetch`, inaendelea ilipoishia. Zile komiti za zamani zisizo na jina zinahitaji mstari unaoanza na `(no author)`. Usibadilishe mistari ya watu waliopo, umeshaona hapo juu inaleta nini.

## "Checksum mismatch", au "was not found in commit"

SVN haitumi faili zima, inatuma tofauti. Git-svn inachukua faili la revisheni iliyopita kutoka kwenye Git yako, inapiga MD5 (alama ya kuhakiki yaliyomo) kuhakikisha ndilo lile SVN inalolidhania, ndipo inapachika. Isipolingana inalalamika, na inakuandikia iliyotarajiwa na iliyopatikana. Kwa hiyo kosa linaloonekana revisheni 8398 limezaliwa nyuma, faili lililoko Git tayari lilikuwa bovu. Watu wanahangaika na 8398 yenyewe, hamna kitu pale.

Tafuta faili hilo lilibadilika lini mara ya mwisho, `git log -1 svn/trunk -- njia/ya/faili`, tuseme ni 8310. Rudisha nyuma mpaka kabla yake:

```
git svn reset -r 8310 -p
git svn fetch
```

`-p` inatupa na 8310 yenyewe. Kama faili likitoka sawa safari hii, ilikuwa fetchi iliyokatika au diski. Likirudi bovu vile vile, angalia konfigi: mtu alibadilisha `ignore-paths` katikati ya safari? Hiyo ndio chanzo kikuu cha lile kosa la pili, jana ulisema folda fulani lirukwe, leo umeliruhusu, SVN inaleta tofauti ya faili ambalo Git haijawahi kuliona. Kumbuka baada ya reset matawi yako ya kawaida bado yanashika komiti za zamani, yarudishe juu ya `svn/trunk` mpya.

## Faili zima limebadilika na hakuna aliyeligusa

Miisho ya mistari, asilimia kubwa. Faili liko SVN na CRLF (mwisho wa mstari wa Windows, LF ni wa Linux) bila sifa ya `svn:eol-style`, mtu wa Git ana `core.autocrlf` imewashwa au kuna `.gitattributes` yenye `text=auto`, amerekebisha neno moja, Git imegeuza mistari yote kuwa LF, dcommit imepeleka mistari 2000 iliyobadilika na sasa `svn blame` inasema yeye ndiye aliyeandika faili zima. Kwenye ripo zote zinazogusa SVN, zima autocrlf, na tibu chanzo upande wa SVN kwa kuweka `svn:eol-style native` kwenye mafaili ya maandishi, ikiwekwa hiyo git-svn inayapokea yakiwa LF.

Ndugu yake ni `$Rev$` na `$Id$`. SVN inazijaza mtu akichukua nakala, git-svn inaziacha tupu. Bildi yako iliyokuwa inachapisha namba ya revisheni sasa inachapisha `$Rev$`, sio ugonjwa. Chukua namba kwa `git svn find-rev HEAD`.

## dcommit imekatika katikati

Una komiti tano, kila moja inaenda kama revisheni yake, mbili zimeingia, ya tatu skripti ya ukaguzi ya SVN imeikataa kwa sababu ujumbe hauna namba ya tiketi. Usipige tena kwa hasira. `git status` kwanza uone umesimama wapi, kisha `git svn rebase`, zilizoingia zinatambuliwa zinaachwa, zinabaki tatu. Rekebisha ujumbe wa hizo tatu tu kwa `git rebase -i svn/trunk`, tuma. Ikisema `Transaction is out of date` ni nyepesi zaidi, mtu kakutangulia, `git svn rebase` na urudie.

## Kwa mkono inakubali, kwa cron inafeli

Cron, inayoendesha skripti kwa ratiba, haina mazingira yako. PATH fupi, hakuna wakala wa SSH, na HOME inaweza kuwa ya mtumiaji mwingine, wakati paswodi na cheti ulichokubali vinakaa `~/.subversion/auth`. SVN inataka kuuliza kama cheti kinaaminika, hakuna teminali ya kuulizia, inakufa. Iige cron ukiwa umekaa:

```
env -i HOME=/home/daraja PATH=/usr/bin:/bin sh /home/daraja/sawazisha.sh
```

Ikiwa inafeli mara moja moja tu na kulalamikia faili la `.lock`, safari mbili zimepandana, ya saa nne haijaisha na ya saa nne na dakika tano imeanza. Iendeshe ndani ya `flock -n` iliyoshika faili moja, ya pili ikikuta mlango umefungwa inaondoka zake. Na ukiona `Can't locate SVN/Core.pm`, mtu kaapdeti mfumo, git-svn imeandikwa kwa Perl na kwenye Debian na Ubuntu ni pakiti ya pembeni, isakinishe tena.

## Tawi lipo SVN, Git hailioni

Angalia lilipowekwa. Mpangilio wa kawaida unasoma ngazi moja chini ya `branches`, sasa timu ikianza kuweka `branches/malipo/jaribio` git-svn inaona tawi moja linaloitwa malipo lenye folda ndani. Ongeza muundo wenye nyota mbili kila upande, `branches/*/*:refs/remotes/svn/*/*`. Halafu utashangaa bado halionekani, kwa sababu kuna kaunta ndani ya `.git/svn/.metadata` inayoitwa `branches-maxRev` inayosema huko nyuma nimeshakagua. Ishushe mpaka revisheni kabla tawi halijazaliwa, fetchi tena.

Folda tupu hazitakuja, Git haizijui, `git svn mkdirs` inaziumba kwenye nakala yako. `svn:externals` (viungo vya kuvuta kodi ya sehemu nyingine) haishughulikiwi kabisa. Ukitaka kujua ni sifa zipi za SVN zimeachwa njiani soma `unhandled.log`, iko folda moja na ramani.

## Kioo cha SVN hadi SVN kimejifunga

Wengine daraja lao linasoma kwenye nakala ya svnsync (zana ya kunakili ripo ya SVN kwenda nyingine), na tatizo liko huko, Git haina kosa. `Failed to get lock on destination repos` maana yake svnsync iliyopita ilikufa ikiwa imeshika kufuli. Hakikisha kweli hakuna nyingine inayotembea, kisha kufuli ni sifa tu kwenye revisheni 0:

```
svn propdel --revprop -r0 svn:sync-lock ANWANI_YA_KIOO
```

Mtu akihariri ujumbe wa komiti ya zamani SVN haifiki kwenye kioo mpaka `svnsync copy-revprops`, na Git haifiki kabisa bila kurudisha nyuma na kubadilisha heshi zote zilizofuata. Mi huwa naacha.

## Sasa kama ni lazima ukloni upya

Ipo siku, diski imekufa au historia ya `svn/trunk` imechafuliwa na hujui tangu lini. Kloni pembeni, folda jipya, ya zamani iache ilivyo. Kopi kwanza `[svn-remote "svn"]` yote kutoka konfigi ya zamani pamoja na faili la majina la siku ile, lile la bekapu sio lililohaririwa juzi. Vuta revisheni 200 za mwanzo tu kwa `git svn fetch -r 1:200`, kisha linganisha `git svn find-rev r200 svn/trunk` pande zote mbili. Zikitofautiana simamisha hapo, rudi kwenye `git cat-file -p`, rekebisha, futa hilo folda jipya, anza tena, umepoteza dakika kumi badala ya siku. Zikifanana iache ivute usiku kucha, na asubuhi badilisha majina ya mafolda. Wakipiga `git pull` wenzako hawatajua kama ulikesha.